Mahari ya Giaboksi

Kabla hajafungua giaboksi ya gari lolote, Fundi alinawa mikono mpaka viwikoni, kama mtu anayekwenda kuswali. Alijisugua kucha kwa mchanga na kipande cha sabuni, akajikausha juani kwa kuinyoosha mikono mbele yake, ndipo alipoinama kushika spana. Kitambaa alichotandika chini kupokea gia zinazotoka ndani kilikuwa bafta nyeupe, mpya, isiyo na doa. Najua kwa sababu alinunua kwangu. Cherehani yangu ilikuwa barazani, na gereji yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya paa la mabati aliloliegemeza kwenye ukuta wa jengo bovu la Wajerumani. Kwa miaka mingi nilipoinua macho kutoka kwenye sindano, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mgongo wake.

Kivinje nzima ilimwita Fundi, na mimi nikaitwa Mshoni. Yeye ndiye aliyeamua hivyo. Wiki ile niliyohamia alivuka barabara, akasimama juu ya kichwa changu.

"Mtaa huu fundi ni mmoja," aliniambia. "Wewe ni mshoni. Nguo ikikosewa mtu huivaa vivyo hivyo. Giaboksi ikikosewa mtu hufa."

Nikacheka, nikidhani ni utani wa jirani. Yeye hakucheka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu yule hakuwa na utani.

Alikuwa vitani, kwenye karakana za jeshi, na alirudi na koti refu la kaki na sanduku la spana ambalo hakuna aliyethubutu kuuliza amelipataje. Habari zake za kabla ya hapo sizijui, na hata nikizijua sidhani zingenisaidia.

Chuma alikipenda. Sina neno jingine. Gia iliyovunjika jino aliigeuza kiganjani taratibu, akaipitisha kidole, akaisafisha kwa mafuta ya taa na brashi laini, kisha akaifunika kwa ncha ya kile kitambaa ili vumbi lisiipate. Sikumwona hata siku moja akikipiga chuma kwa nyundo moja kwa moja; kila mara aliweka kipande cha mti katikati. "Usikiumize," alikuwa akisema.

Mkewe, Mama Somoe, alikuja kwangu na kanga ile ile kila baada ya mvua, niipachike kiraka juu ya kiraka. Siku moja, wakati Fundi amekuja kukatiwa bafta nyingine kwa ajili ya beringi za lori la mtu, yule mama alikuwa amesimama pembeni ya meza yangu na kanga yake mkononi. Wakaonana. Fundi akaitazama ile kanga, akasema, "Kumbe bado ipo," akaenda zake na kitambaa chake. Mama Somoe akaniambia nishone kwa uzi wa rangi yoyote, haidhuru.

Ulimi wa Fundi ulijulikana mpaka Lindi. Madereva walimwogopa kuliko askari wa barabarani, lakini walikuja, maana hapakuwa na mwingine. Mara moja basi lilikwama mbele ya gereji likiwa limejaa abiria. Gia ya kwanza haikuingia, na dereva alikuwa ameilazimisha mpaka ikalia kama mbuzi anayechinjwa. Fundi alitoka, akalizunguka lile basi, akamwambia dereva ashuke.

"Piga magoti."

"Fundi, nina abiria."

"Nawaona. Piga magoti uiombe radhi giaboksi. Ukikataa, abiria wako watalala hapa."

Dereva yule alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Aliangalia abiria wake. Mmoja wao, naye alikuwa na haraka zake, akamwambia, "Si upige tu, bwana, twende." Dereva akapiga magoti kwenye mchanga, akainamisha kichwa kuelekea tumbo la basi, akasema, "Niwie radhi." Abiria wakaangua kicheko. Fundi akanawa mikono, akaingia chini ya basi, na kabla ya adhuhuri lilikuwa linaondoka likinguruma vizuri. Malipo hakudai. Alikuwa amekwisha kulipwa.

Na mtu huyu huyu, mwezi wa maulidi ukifika, alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akakaa safu ya mbele msikitini, na alipoanza kasida wanawake nyuma ya pazia walilia. Alikuwa na sauti laini, yenye huzuni, iliyoelea juu ya sauti za wenzake. Hata mimi nilitokwa na machozi, nikajichukia. Nilijiuliza sauti ile inakaa wapi siku nyingine zote. Sheikh mmoja mgeni aliwahi kuniambia, "Mtu mwenye sauti hii hawezi kuwa na moyo mgumu." Nikamwambia akae Kivinje wiki moja.

Lakini nisipoeleza habari za Athumani nitakuwa sijamweleza Fundi.

Athumani alikuwa Mmatumbi wa Njinjo, mtu mzima, mpole, mwenye mabega mapana. Alikuja pwani kuuza ufuta wa baba yake, akasimama kutazama injini iliyofunguliwa, na ikawa basi. Fundi alimchukua kwa sababu aliweza kubeba giaboksi peke yake kifuani. Alijifunza kazi. Alivumilia matusi ambayo sitayaandika. Na katika kupeleka na kurudisha sahani za chakula kati ya gereji na nyumbani, yeye na Somoe, binti pekee wa Fundi, wakapendana. Somoe alikuwa msichana mwenye maneno machache na macho yasiyoshuka chini. Hawakufanya lolote la aibu. Athumani alikuja kwangu, akaniomba niwe mshenga.

Nilikwenda siku ya Ijumaa baada ya swala, nikiwa na kofia mpya, nikitegemea kufukuzwa. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole kwenye uwanja wa nyuma.

Pale palikuwa na motokaa. Ilikuwa gari dogo la kizamani, jeusi, lililoachwa na msimamizi mmoja wa shamba la mkonge alipoondoka nchini. Giaboksi yake ilikuwa imesagika ndani. Fundi aliliokota, akaliburuza kwa kamba mpaka kwake, na kwa muda wote ule alikuwa akilitengeneza polepole: shafti kutoka kwenye gari lililopinduka, beringi zilizoletwa na meli kutoka Dar es Salaam, gia nyingine alizichonga upya kwa tupa mpaka zikakubaliana.

"Mwambie mahari yangu ndiyo ile," alisema. "Aimalize giaboksi. Siku gari litakapopanda mlima wa Singino kwa gia ya pili, bila mtu kuushika mkono wa gia, Somoe ni wake. Ila mfuniko wa juu nafunga mimi. Huo asiuguse."

Nikampa mkono. Nilivuka barabara nikiwa na furaha, na Athumani alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka.

Alifanya kazi ile kama mtu anayejenga nyumba yake, na kwa kweli alidhani ndiyo anayoijenga. Baada ya kumaliza magari ya wateja aliingia uwanjani nyuma, akafungua, akapanga gia kwenye bafta, akapima kwa kidole, akakata gasketi kwa karatasi nzito, akarudisha. Kisha Fundi alikuja na mfuniko wake, akaufunga mwenyewe, akapangusa mikono, akasema, "Haya, twende Singino."

Siku ya kwanza nusu ya mji ilitoka. Athumani aliliendesha, Fundi amekaa kando yake, mikono mapajani. Gari likaingia mlimani, gia ya pili ikashika, sote tukashangilia. Kabla ya kufika katikati, mkono wa gia ukaruka wenyewe, injini ikapiga kelele bure, gari likasimama. Fundi alisubiri breki zifungwe. Kisha akasema, "Shuka usukume." Athumani akalisukuma mpaka juu peke yake, na Fundi amekaa ndani.

Akafungua tena. Akabadilisha bushi. Akachonga upya meno ya gia ya pili, akiamini ndiyo yenye makosa. Mvua zikaja, zikaisha, wakaenda tena Singino, na gia ikaruka pale pale. Somoe aliniuliza siku moja, akipita kwenda kisimani, "Ami, hivi baba haoni kosa liko wapi? Yeye si hufahamu gari kwa kulisikia tu?" Nikamwambia labda giaboksi hii ni ngumu. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mjinga, akaenda na ndoo yake.

Safari iliyofuata Fundi alisema ataendesha mwenyewe, ili asikie vizuri. Athumani alitembea nyuma ya gari na kipande cha gogo, tayari kukiweka chini ya gurudumu likirudi nyuma. Mimi nilikuwa ukingoni mwa barabara. Gia ikaruka, gari likarudi kwa kasi kuliko tulivyozoea, breki hazikushika upesi. Athumani akaruka, akasukuma gogo chini ya gurudumu, lakini mkono haukuwahi kutoka.

Alipiga ukelele mmoja tu. Watu wakakimbilia kuliinua gari kwa nyuma, na sauti ya Fundi ikatoka dirishani: "Taratibu! Msishike tairi! Inueni kwenye chuma!"

Mganga wa hospitali ya serikali alimkata Athumani vidole viwili vya mkono wa kulia. Nilikaa naye. Hakumlaumu mtu. Alichoniuliza ni kama ataweza kushika tupa. Alipopona alirudi gerejini, akajifunza kushika kwa vilivyobaki, na akafungua giaboksi tena.

Hapo ndipo alipotokea mtu wa Mchinga, mfanyabiashara wa nazi na samaki wakavu, mzee kidogo, mwenye mke mwingine na lori jipya. Alileta lori lile kwa matengenezo, akakaa kwa Fundi muda, na alipoondoka mambo yalikuwa yamekwisha. Nilisikia kwa Mama Somoe, amekuja na kanga yake, kwamba Somoe ameposwa na mtu yule na baba yake amekubali. Nikavuka barabara huku uzi umening'inia mdomoni.

"Fundi, tulipeana mkono."

"Tulipeana. Gari limepanda?"

"Bado, lakini—"

"Basi bado," alisema, na akarudi chini ya gari lake.

Ndoa ilifungwa asubuhi. Bwana harusi alitangulia na lori lake kwenda kuandaa mapokezi, na Fundi akatangaza kwamba binti yake hatapanda lori kama gunia la nazi. Atakwenda Mchinga kwa motokaa, na Athumani ndiye atakayeendesha.

Sijui kwa nini Athumani alikubali. Nadhani alitaka kuwa karibu naye mpaka mwisho. Labda pia, baada ya kazi yote ile, hakujua tena namna ya kukataa. Aliingia, akakaa, akaweka mkono wake mbovu kwenye usukani. Fundi kando yake. Nyuma, Somoe aliyefunikwa uso, na mama yake. Sisi wengine tulisindikiza kwa miguu mpaka Singino, wanawake wakipiga vigelegele, na kila aliyejua habari ile alitazama chini.

Gari likaingia mlimani. Gia ya pili ikaingia. Sote tulisubiri pale katikati. Gari likapita pale katikati. Likaendelea, taratibu, bila kutetemeka, mkono wa gia umetulia kama umepigiliwa msumari, mpaka kileleni. Vigelegele vikakatika vyenyewe. Nilikimbia, na nilipofika juu nikihema, gari lilikuwa limesimama na Athumani amegeuka kumtazama Fundi.

Fundi akatia mkono kwenye mfuko wa koti lake, akatoa springi ndogo, isiyozidi kifundo cha kidole. Akaishika mbele ya macho ya Athumani.

"Hii ndiyo iliyokuwa kwenye mfuniko," alisema. "Inasukuma gololi, gololi inaishika gia isitoke. Hii imechoka. Nimetia nzima leo alfajiri."

"Ulijua tangu lini?" Athumani aliuliza.

"Niliitia mwenyewe."

Mama Somoe alianza kulia. Mimi nikashika dirisha. "Fundi, uliahidi mbele yangu! Gari limepanda!"

"Limepanda kwa springi yangu, Mshoni. Si kwa akili yake."

"Ulimkataza asiuguse mfuniko."

"Ndiyo. Naye akatii." Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi. "Alifungua kila kitu, akakuta kila kitu kizima, akabakiwa na sehemu moja tu ambayo hajaiona, na bado akatii. Huyo si fundi. Huyo ni punda mzuri. Nimpe binti yangu punda?"

Athumani aliinua ule mkono wake. "Na vidole vyangu, Fundi?"

"Nilikwambia uweke gogo. Sikukwambia uweke mkono."

Hapo Somoe akafunua uso. Hakuwa analia. "Baba," alisema, "siku ile ulipoendesha wewe, ulijua litarudi nyuma?"

"Nilijua."

Akajifunika tena.

Athumani alizima injini. Alishuka, akaufunga mlango polepole, kama alivyofundishwa, usigonge. Akashika njia ya kurudi chini. Nilimfuata, nikimwita, lakini hakugeuka, na nyuma yangu nikasikia Fundi akihamia kwenye usukani, akiwasha, akiingiza gia. Iliingia vizuri mno, bila kelele hata chembe. Kisha gari likaondoka kuelekea Mchinga.

Athumani alirudi Njinjo kulima. Nilikutana naye mara moja tu sokoni, amekuja na ufuta, ana mke na watoto. Tuliongea habari za mvua. Magari yalipita na hakuyatazama.

Fundi aliendelea na kazi yake. Sikuacha kumuuzia bafta. Ndiyo mtaa ulivyo. Hakuonyesha kujuta wala kujisifu, na watu, baada ya kusema walichosema, walirudi kwake na magari yao, maana barabara zilikuwa mbaya na giaboksi zilizidi kuvunjika. Mama Somoe alifariki kwa homa. Muda kidogo baadaye Fundi akaanguka gerejini, upande mmoja wa mwili ukafa. Somoe, ambaye wakati huo alikuwa mjane, alikuja mwenyewe na lori la marehemu mumewe, akampakia baba yake na godoro lake, akampeleka Mchinga. Mji mzima ulimsifu. Walisema hakuna mtoto kama yule.

Nilimwona Fundi mara ya mwisho huko Mchinga, nilipoitwa kushona nguo za harusi ya watu. Watu walikuwa wanazungumza siasa kila baraza, kwamba Mwingereza karibu anaondoka. Nikaenda kumjulia hali.

Nilitegemea kukuta uvundo. Sijapata kumwona mgonjwa safi kama yule. Alikuwa amenyolewa, kucha zimekatwa, shuka nyeupe, hakuna kidonda mgongoni, kikombe cha uji bado cha moto. Alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima, akanivuta karibu.

"Mshoni," alisema, na ulimi wake ulikuwa mzito upande mmoja. "Hasemi na mimi."

"Nani?"

"Somoe. Tangu nimefika. Ananilisha, ananiogesha, ananigeuza. Hasemi. Hata 'kula' hasemi. Nimemtukana ili anijibu, hajibu. Nimelia, Mshoni. Anasubiri nimalize, ananipangusa uso, anatoka." Akanibana mkono mpaka ukaniuma. "Wewe anakuheshimu. Mwambie anitukane. Mwambie aniite mshenzi. Neno moja tu."

Nikatoka uani. Somoe alikuwa anakuna nazi, na jikoni samaki alikuwa anachemka. Aliinuka aliponiona, akafuta mikono.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Za Kivinje? Watu wote wazima?" Akaokota kifuu kilichoanguka. "Na wa Njinjo?"

"Wazima. Ana watoto."

"Alhamdulillahi," alisema, na ikatoka moyoni.

Nikamwambia alichonituma baba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kukunja uso, kisha akainama, akaepua chungu.

"Umetoka mbali, Ami. Chakula kiko tayari. Karibu ule."

Nilirudi mlangoni kwa Fundi kuchukua kofia yangu. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko, macho yamemtoka.

"Amesemaje?"

"Amenikaribisha chakula."

"Na mimi je? Mimi amesemaje?"

Somoe alipita ubavuni kwangu na sahani ya baba yake. Samaki alikuwa ametolewa miiba yote, mmoja mmoja. Akaiweka, akamwekea mto mgongoni, akamfunga kitambaa shingoni, akashika kijiko na kusubiri afungue mdomo.

Uani kulikuwa na mkeka na birika la maji. Nikanawa, nikala.